Ukuta wa nje ukianguka Yahuma: pengo libaki wazi, fedha ziende paani

*Kujaza kihami joto katikati ya kuta mbili kumesaidia nyumba nyingi za Ulaya. Katika msitu wa Tshopo, anayejenga upya ukuta wa matofali ana kazi nyingine ya kufanya kwanza.*

Ukuta wa matofali ukianguka Yahuma, mara nyingi hauanzii juu. Unaanzia chini, kwenye safu tatu au nne za kwanza, pale maji yanapomwagika kutoka ukingo wa bati, yakapiga ardhi na kuruka na udongo mwekundu hadi ukutani. Msimu baada ya msimu tofali lisiloiva vizuri hulainika, plasta hubambuka, udongo ulioshikanisha matofali huoshwa, na pembe ya nyumba hubaki imekalia mashimo. Siku upepo wa radi ukipiga upande huo, ukuta mzima hulala nje. Kesho yake mwenye nyumba na fundi husimama mbele ya rundo la matofali wakiulizana namna ya kujenga upya.

Jibu la kawaida ni kurudisha kilichokuwepo: safu moja ya matofali ya kuchoma, udongo au simenti katikati, na plasta fedha ikipatikana. Lakini siku hizi ushauri mwingine hufika kwa simu, kutoka kwa ndugu walioko Ubelgiji na Ufaransa: jenga kuta mbili zilizoachana sentimita tano au kumi, kisha jaza katikati kihami joto, iwe sufu ya madini au povu la plastiki, nyumba ipoe. Ushauri huo una elimu ndani yake na hutolewa kwa nia njema. Hata hivyo, kwa nyumba ya kawaida ya familia huku kwetu, unapeleka fedha kidogo zilizopo mahali pasipohitaji. Ukuta wa nje wa Yahuma na Kisangani unahitaji kukaa mkavu na kukaa kivulini. Joto linalowatesa waliomo ndani linashuka kutoka paani.

> Ukuta wa nje unahitaji kukaa mkavu na kukaa kivulini. Joto linalotesa linashuka kutoka paani.

Nchi ya mvua na matofali

Yahuma ni mojawapo ya teritwari saba za Tshopo, jimbo la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo lililozaliwa mwaka 2015 baada ya Jimbo la Mashariki kugawanywa. Iko magharibi ya Kisangani, kusini mwa Mto Kongo, jirani kabisa na ikweta. Kisangani yenyewe iko nusu digrii tu kaskazini mwa mstari huo. Hali ya hewa ya ukanda huu haina siri kwa anayeishi humo: mvua inayopita milimita 1,600 kwa mwaka, hakuna mwezi unaoweza kuitwa mkavu kwelikweli, mchana joto hufika digrii 30 hivi, usiku hushuka hadi karibu 20, na hewa hujaa unyevu asubuhi hadi asubuhi. Kuta za nyumba hupata maji kutoka juu, kutoka pembeni upepo unapovuma, na kutoka chini ardhini.

Matofali nayo ni ya zamani huku. Udongo wa kufyatulia upo, kuni zipo, na ufundi wa kupanga tanuru umerithishwa kwa vizazi. Huko Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933, nyumba za matofali za enzi ya Wabelgiji bado zinaonyesha jinsi wajenzi wake walivyolisoma anga: baraza pana, paa lililotoka mbali nje ya ukuta, dari ya juu, matundu ya kupitisha hewa. Ni nyumba zilizojengwa kabla ya kiyoyozi kuwa kitu cha kawaida, na wajenzi wake walipambana na joto kwa kivuli na upepo.

Kujenga upya ni jambo zito zaidi Kisangani. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huo katika vita vinavyokumbukwa kama Vita vya Siku Sita, na nyumba nyingi ziliharibiwa. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo fidia ya dola milioni 325, zikiwemo dola milioni 40 kwa ajili ya mali iliyoharibiwa. Mfuko wa serikali wa kugawa fidia hiyo, FRIVAO, una makao yake Kisangani. Familia inayopata kitu, iwe kutoka kwenye fidia, kwenye mshahara au kwenye mauzo ya mchele na mafuta ya mawese, haipati mara mbili. Kila dola inayowekwa ukutani mahali pasipofaa ni dola iliyokosekana kwenye msingi au kwenye paa.

Gharama nayo inasafiri. Simenti hufika Kisangani kwa boti kutoka Kinshasa, safari ya mto ya kilomita zipatazo 1,700, au kwa lori kutoka mashariki. Kutoka hapo hadi Yahuma kuna mto tena, kuna pikipiki, kuna baiskeli na barabara za tope. Kihami joto cha kiwandani kitapita njia hiyohiyo, na ni mzigo mwepesi unaojaza boti upesi.

Kilichoizaa dawa ya Ulaya

Ukuta wa tabaka mbili wenye pengo katikati ulienea sana Uingereza kati ya vita viwili vya dunia, na sababu yake ya kwanza ilikuwa mvua. Ukuta wa nje ulilowa, pengo likayazuia maji, ukuta wa ndani ukabaki mkavu. Kujaza pengo hilo kulishika kasi baadaye, hasa baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, watu walipotaka kupunguza gharama ya kupasha nyumba moto wakati wa baridi. Hesabu yake ni nzuri. Kwa kila mita ya mraba ya ukuta na kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje, ukuta mzima wa matofali wa sentimita 23 hupitisha wati 2 hivi. Wenye pengo tupu hupitisha wati 1.5, uliojazwa hupitisha nusu wati. Nje kukiwa na digrii 5 na ndani 20, tofauti ya digrii 15 usiku na mchana kwa miezi mitano au sita, akiba hiyo ni kubwa, na mwenye nyumba huiona kwenye bili yake.

Ichukue hesabu hiyohiyo uilete Kisangani. Nyumba haina tanuri la kupasha moto wala kiyoyozi. Madirisha yako wazi. Hewa ya nje ikiwa digrii 29, ya ndani iko karibu hapohapo. Tofauti inayosukuma joto kupita ukutani ni ndogo, na usiku hugeuka upande wa pili. Kihami joto hulinda tofauti iliyotengenezwa, ama na moto ama na mashine ya ubaridi. Pasipo na tofauti, kilichojazwa katikati ya kuta kina kazi ndogo sana ya kufanya. Kuna hata saa kinapodhuru: jioni nyumba yenye watu wanane na jiko inahitaji kutoa joto lake, na ukuta uliofungwa unasaidia kulibakiza.

Jua la ikweta liko juu ya kichwa

Joto la kweli la nyumba zetu linatoka kwa jua, na jua la ikweta lina tabia yake. Mwezi Machi na mwezi Septemba saa sita mchana hukaa utosini. Miezi mingine halitoki mbali na hapo. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini huguswa nalo kwa mshazari, na upenu wa sentimita 80 unatosha kuuweka kivulini muda mwingi wa siku. Ukuta wa mashariki hupata jua la asubuhi na ule wa magharibi hupata jua la alasiri. Paa hulipata siku nzima.

Piga hesabu ya chumba cha mita nne kwa tano. Anga likiwa safi mchana, jua huleta karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba iliyolala. Mita za mraba 20 za paa hupokea wati 20,000, wakati kuta za chumba hichohicho ziko kivulini chini ya upenu. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu ya jua hilo angani; bati lenye kutu hulimeza karibu lote, na linaweza kupita digrii 60. Chini yake, kama hakuna dari, watu wamekaa wakichomwa kutoka juu. Fedha zilizonunua kihami cha ukutani hazikulipunguza joto hilo hata kidogo.

Hapa ndipo lawama ilipopotea njia. Nyumba ya zamani ya Yahuma ilikuwa na paa la majani, nene, lenye hewa ndani yake, na majani hayo yalikuwa kihami joto kizuri. Familia ikapata uwezo, ikajenga kwa matofali na kuezeka kwa mabati kwa wakati mmoja. Nyumba ikawa na joto, na ukuta mpya ukasingiziwa kosa la paa jipya.

> Bati lenye kutu hulimeza jua karibu lote. Fedha za kihami cha ukutani hazigusi joto hilo.

Pengo likijazwa, maji hupata njia

Tatizo la pili ni unyevu. Pengo tupu kati ya kuta mbili lina faida inayojulikana: maji yaliyopenya tofali la nje hutiririka ndani ya pengo hadi chini na kutokea kwenye matundu yaliyoachwa. Ukilijaza, unayapa maji njia ya kuvuka hadi ukuta wa ndani. Waingereza wenyewe wamejifunza hili kwa gharama. Katika maeneo ya magharibi yanayopigwa na mvua ya upepo, yakiwemo ya Wales, kumekuwa na malalamiko mengi ya ukungu na kuta za ndani kulowa baada ya pengo kujazwa, na zipo nyumba ambazo kijazo kililazimika kutolewa. Wahandisi wa huko hupima kwanza ukuta unapigwa na mvua kiasi gani kabla ya kukubali ujazwe.

Sasa tazama ukuta wetu. Tofali la tanuru la kijijini haliivi sawasawa: la katikati karibu na moto hulia kama kengele ukiligonga na jingine, la pembeni hutoa sauti ya bubu na hunywa maji. Mvua ya radi huja na upepo wa ubavuni. Ndani ya pengo, fundi asiyezoea kazi hiyo huacha simenti idondokee juu ya vyuma vinavyounganisha kuta mbili, na kila donge linakuwa kivuko cha maji. Sufu ya madini ikilowa katika hewa hii haikauki upesi, na kihami kilicholowa ni kama sweta lililonyeshewa: kipo mwilini, hakifanyi kazi yake. Povu la plastiki halilowi hivyo, lakini mchwa hulichimba njia bila shida, nao wakishaingia katikati ya kuta mbili hakuna anayewaona mpaka wafike kwenye mbao za paa.

Hoja za upande wa pili

Wanaotetea kihami cha ukutani wana hoja tatu zinazostahili jibu. Ya kwanza ni kwamba dunia inazidi kupata joto, na nyumba inayojengwa leo itakaliwa miaka 40 ijayo. Ni kweli. Lakini joto likizidi, jua la utosini halihami kwenda ukutani. Kila digrii inayoongezeka inaongeza haja ya dari, ya paa linalorudisha jua, ya madirisha yanayokabiliana ili upepo upite, na ya miti ya kivuli upande wa magharibi. Vitabu vya ujenzi wa nchi za joto na unyevu vimesema hivyo tangu wabunifu majengo Maxwell Fry na Jane Drew walipochapisha kazi yao mwaka 1956 kuhusu majengo ya ukanda wenye unyevu: kivuli na upepo kwanza.

Hoja ya pili ni ya majengo yanayopozwa kwa mashine: chumba cha upasuaji, maabara, ghala la dawa. Hapa wana haki, na hapa msimamo wa makala haya una mpaka. Chumba kinachopozwa kwa umeme wa jua au jenereta kina tofauti ya kulinda, na kila wati linalovuka ukuta ni fedha. Kituo cha afya kinachojenga upya ukuta wa chumba kama hicho kina sababu ya kuweka kihami joto. Kiwe cha mbao za povu gumu lisilonywa maji, zifungwe kwenye ukuta wa ndani, na sehemu ya pengo iachwe wazi nyuma ya ukuta wa nje ili maji yashuke. Hata huko kazi ianze na dari, kisha ukuta wa magharibi, kisha kuta nyingine.

Hoja ya tatu ni ya msitu. Tanuru la matofali hula kuni nyingi, na mtu anaweza kusema ukuta mwembamba wenye kihami unaokoa miti kuliko ukuta mnene. Hoja ni nzito, ila jibu lake si kihami. Ukuta wa tabaka mbili una matofali karibu mara mbili ya ukuta wa safu moja tulionao. Anayejali msitu hawezi kuanzia hapo. Anaweza kuokota matofali mazima kutoka rundo la ukuta ulioanguka, kuyasafisha na kuyarudisha. Anaweza kutumia matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kuchanganywa na simenti kidogo, bila tanuru. Mashine ya kwanza maarufu ya aina hiyo, Cinva-Ram, ilibuniwa Kolombia miaka ya 1950, na matofali ya namna hiyo hutumika kujengea nyumba na shule Afrika Mashariki.

Mtego wa panya wa Kerala

Anayetaka pengo ndani ya ukuta wake kwa gharama ndogo ana mfano mzuri kutoka nchi inayofanana na yetu. Kerala, kusini mwa India, kuna joto, unyevu na mvua nyingi. Huko mbunifu majengo Laurie Baker, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1917 na kufariki Kerala mwaka 2007, alieneza ujenzi uitwao mtego wa panya. Matofali husimamishwa kwa ubavu badala ya kulazwa: mawili yanatazamana yakiacha tundu katikati, na moja hukatiza kuyafunga pamoja. Ukuta unatoka na unene uleule wa sentimita 23 hivi, una matundu ya hewa ndani yake, na hutumia takriban robo pungufu ya matofali ukilinganisha na ukuta mzima wa unene huo.

Matundu hayo Baker aliyaacha matupu. Hewa iliyotulia ilitosha kupunguza joto la jua la alasiri, na hakuna kilichohitaji kununuliwa. Njia hii ina masharti: matofali yawe ya kuiva na yenye umbo linalolingana, safu za chini kabisa, za chini ya dirisha, za juu ya mlango na za mwisho chini ya paa ziwe nzima bila tundu, na fundi awe na mkono uliotulia. Kwa ukuta wa magharibi wa nyumba ya Kisangani au ya makao makuu ya Yahuma, ni chaguo bora kuliko kuta mbili zilizojazwa.

> Mtego wa panya: unene uleule, robo ya matofali imeokolewa, pengo limeachwa tupu.

Fedha zianze wapi

Basi ukuta umeanguka na fedha ni chache. Msingi ndio wa kwanza: uinuliwe, na safu ya kwanza ya tofali ianze walau sentimita 15 juu ya ardhi, kwa mawe au matofali yaliyoiva sana. Juu ya msingi, kabla ya tofali la kwanza, itandikwe plastiki nzito au karatasi ya lami, upana mzima wa ukuta, bila kukatika kwenye pembe. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa, na kikisahauliwa hakiwezi kuingizwa baadaye ila kwa kubomoa. Matofali yachaguliwe kwa kugonganishwa, na yale ya sauti ya bubu yapelekwe kuta za ndani.

Kisha paa. Upenu utoke sentimita 80 au zaidi, na chini yake uchimbwe mfereji wenye kokoto ili tone likidondoka lisiruke ukutani. Dari iwekwe, hata ya mianzi au mikeka, na juu yake kuachwe njia ya hewa kutoka upenu mmoja hadi mwingine. Bati lenye kutu lipakwe rangi nyeupe. Kihami joto kikipatikana, hapo juu ya dari ndipo mahali pake, palipo pakavu na panapokaguliwa kwa ngazi tu. Ukuta wenyewe uje baada ya hayo: safu moja iliyojengwa vizuri na kupakwa plasta yenye chokaa inatosha kwa pande za kaskazini na kusini, upande wa magharibi upewe mtego wa panya, au baraza, au mti.

Mafundi wa Tshopo wanajua sehemu kubwa ya haya. Mara nyingi anayebana ni mwenye nyumba, anayetaka ukuta unaoonekana kabla ya msingi usioonekana. Wanaotuma fedha kutoka ng'ambo wana nafasi ya kulirekebisha hilo. Wakiulizwa na ndugu zao kuhusu kihami cha ukutani, wajibu kwa kuuliza mambo mawili: upenu una sentimita ngapi, na chini ya bati kuna dari? Hadi hayo mawili yapate jibu zuri, pengo la ukuta libaki wazi na fedha ziende paani.